Naomba ushauri: nimealikwa katika loji ambayo Loji Kuu yetu haiitambui

Ndugu wanachama, mimi ni Frimasoni wa loji (tawi la udugu wetu) iliyo chini ya Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza, chombo kinachosimamia loji zetu, na mwezi ujao nitakuwa Ufaransa kikazi kwa wiki tatu. Mwenyeji wangu huko, muungwana kwelikweli, amenialika kwenye kikao cha loji yake, nami (haraka yangu mwenyewe) nilikubali kabla ya kumwuliza iko chini ya nani. Sasa nimefahamu kuwa ni ya Grand Orient de France, chombo cha Kifaransa kinachosimamia loji zake, kilichoondoa sharti la kumwamini Mungu mwaka 1877 na hivyo kupoteza utambuzi wa Uingereza. Kanuni za utambuzi za mwaka 1929 zinalishikilia sharti hilo bila kuyumba, kwa hiyo kikaoni sitaingia.

Kinachonitatiza ni namna ya kumjibu bila kumvunjia heshima, kwani kumwambia mtu kwamba udugu wake hautambuliwi ni neno zito. Je, nikila naye chakula cha jioni siku nyingine, kama marafiki tu, nitakuwa nimekiuka lolote?

Pia ningependa kutembelea loji ya Grande Loge Nationale Française, ambayo inatambuliwa, na nimeshamwandikia katibu wetu aulize Loji Kuu. Risiti ya ada ya mwaka ninayo, ila cheti changu cha uanachama kimekunjwa mara nne na sahihi yangu pembeni imefifia, wakati mlangoni huenda nikatakiwa kutia sahihi ili zilinganishwe. Niombe kingine kabla ya safari?