Naomba ushauri: nani amsaidie mama kupiga kura?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu macho yamefifia, hawezi tena kusoma karatasi ya kura, na anataka niingie naye mimi kwenye kituturi. Karani mmoja niliyemwuliza alijibu kwamba msimamizi wa kituo ndiye atakayemwekea alama. Mama hataki kabisa, na namwelewa, kura ni siri yake. Nimesoma pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006: kifungu cha 29 kinataka aruhusiwe kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Je, msaidizi hujaza fomu au kula kiapo? Na tukizuiwa mlangoni, tumwone nani palepale kabla kituo hakijafungwa?