Mrejesho: gari nyeupe, polishi, waksi au silanti?

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nipake nini kwenye Toyota IST yangu nyeupe iliyofubaa na kujaa vidoti vya kahawia. Wengi mlisema nisafishe rangi kwanza, nikaona mnanizungusha tu.

Kumbe! Baada ya kuosha nilivaa mfuko wa nailoni mkononi nikapapasa boneti: inakwaruza kama msasa. Vile vidoti ni chembe za chuma zilizonasa kwenye rangi. Nikapitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, na maji ya sabuni ya kutosha. Uliingia mweupe ukatoka kama chai ya rangi. Nusu ya kazi iliishia hapo.

Polishi nimegusa boneti na mlango wa dereva tu, penye mikwaruzo, maana inakula ile kliya ya juu, yaani tabaka angavu linalolinda rangi. Kisha silanti (kinga ya kemikali ya kupaka juu ya rangi) gari zima, kivulini, tabaka jembamba. Waksi nimeiacha, kwa jua hili la Dar isingedumu. Jumamosi mvua imenyesha, maji yanajikusanya matone na kuteleza yenyewe.

Mng'ao wa kawaida, nyeupe haing'ai kama nyeusi. Ila alama ya kinyesi cha kunguru kwenye paa imegoma kabisa.