Mrejesho: Kesi ya Ahmaud Arbery na hoja ya kujihami
Niliuliza inawezekanaje watu wenye bunduki wamfukuze kwa magari kijana anayekimbia kwa miguu, Ahmaud Arbery, wamuue, kisha wadai kwamba walikuwa wakijihami. Nawashukuru nyote mlionishauri nisome mwenendo wa kesi yenyewe.

Sheria ya jimbo la Georgia, Marekani, ya mwaka 1863, waliyoitegemea washtakiwa, ilimruhusu raia kumkamata mtu aliyetenda kosa mbele yake au kwa ujuzi wake wa papo hapo, au, kwa kosa kubwa ambalo mhusika analikimbia, aliyeshukiwa kwa sababu za msingi. Travis McMichael, mmoja wa washtakiwa watatu na ndiye aliyempiga risasi Arbery, alipohojiwa na upande wa mashtaka, alikubali kwamba Arbery hakuwa amemtishia wala kuonyesha silaha. Ukamataji ukishakosa uhalali, mkamataji ndiye mchokozi, na hoja ya kujihami inaporomoka.

Kinachonikera zaidi ni ucheleweshaji. Arbery aliuawa tarehe 23 Februari 2020, na mwendesha mashtaka wa pili kukabidhiwa shauri hilo, ambaye mwenyewe alikuwa akijiondoa, aliwaandikia polisi kwamba haoni sababu ya kumkamata yeyote. Watuhumiwa wa kwanza walikamatwa Mei 7, siku mbili tu baada ya video ya tukio kusambaa. (Video hiyo polisi walikuwa nayo tangu mwanzo.)

Wote watatu walitiwa hatiani Novemba 2021, na sheria ile ilikwishafutwa Mei mwaka huohuo. Mashtaka dhidi ya aliyekuwa mwendesha mashtaka wa kwanza, kuhusu alivyolishughulikia shauri hilo, yalitupwa na jaji Februari 2025.