Wajukuu wa Bibi (Alhamisi, 24 Julai)

[19:04] Shabani: Shikamooni wakubwa. Niko lindoni, naomba ushauri. Mshahara wa Mei hadi leo hatujalipwa, wa Juni nao kimya. Nikienda ofisini naambiwa "wiki ijayo". Mwenye nyumba ameshaanza kunivizia mlangoni.

[19:06] Baba Mkubwa: Marahaba. Kesho asubuhi twende polisi, mkuu wa kituo namfahamu.

[19:07] Shangazi Tandika: Kaka na polisi wako 😂

[19:09] Mama Nasra: Jamani mchango wa harusi mwisho Jumamosi, orodha iko hapo juu.

[19:09] Shangazi Tandika: Mama Nasra subiri kwanza, mtoto hajalipwa huyu.

[19:15] Da Mwanaidi: Shikamoo baba. Polisi hapana, hilo si jinai. Linakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Shabani, wa Mei ulitakiwa kuingia lini?

[19:16] Shabani: Tarehe 31.

[19:18] Da Mwanaidi: Madai ya mshahara yana siku 60 tu. Kwa Mei mwisho wako Jumatano, tarehe 30. Hizo "wiki ijayo" ndizo zinazokula siku zako, na mimi naamini ofisini wanalijua hilo vizuri sana.

[19:19] Shabani: Nikichelewa je?

[19:20] Da Mwanaidi: Utaanza kuomba kuongezewa muda, na kiapo juu. "Bosi alikuwa ananiahidi" mara nyingi haibebi.

[19:22] Shabani: Shida sina mkataba dada. Waliniambia nitasaini baada ya majaribio, mwaka wa pili huu.

[19:22] Baba Mkubwa: Hapo kwisha habari.

[19:25] Da Mwanaidi: Bado baba. Sheria ya Ajira ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye ampe masharti ya kazi kwa maandishi. Asipokuwa nayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Tena kuonyesha wewe ni mfanyakazi wao: sare, kirungu, tochi, vya nani?

[19:26] Shabani: Vya kampuni. Buti walinikata.

[19:26] Da Mwanaidi: Na daftari la lindo?

[19:28] Shabani: Lipo hapa mezani. Naandika jina, saa ya kuingia, saa ya kukabidhi, nasaini. Msimamizi akipita usiku anasaini pembeni.

[19:29] Da Mwanaidi: Piga picha kurasa zote za Mei na Juni sasa hivi, kabla halijajaa wakaja kulichukua. Na meseji za mishahara ya nyuma usifute hata moja.

[19:41] Shabani: Nimepiga. Kuna siku msimamizi hakusaini.

[19:41] Da Mwanaidi: Ziache hivyo hivyo, usiongeze kitu.

[19:44] Baba Mkubwa: Ningekuwa yeye ningeacha kazi leo leo.

[19:46] Da Mwanaidi: Baba usimponze 🙏🏾 Akipotea zaidi ya siku tano wataandika mtoro, kesi igeuke. Aendelee kuingia lindo. Wakimfukuza kwa sababu amedai, hilo ni shauri jingine, na lenyewe siku 30 tu.

[19:47] Shangazi Tandika: Wakili bei gani?

[19:51] Da Mwanaidi: Kufungua CMA ni bure. Kwenye usuluhishi anaweza kwenda mwenyewe, au na mtu wa chama cha wafanyakazi. Tukifika kwenye uamuzi nitamtafutia msaada wa kisheria huko huko Dar.
Shabani, unajaza Fomu Namba 1. Nakala unampelekea mwajiri kwanza, wakugongee muhuri kwamba wamepokea. Wakigoma, itume posta kwa rejista, risiti tunza. Ndipo uende CMA.

[19:58] Shangazi Tandika: Nauli nimekurushia, na ya kutolea humo humo.

[20:03] Shabani: Ahsante sana shangazi. Dada, pale pa madai naandika Mei na Juni basi?

[20:04] Da Mwanaidi: Unaingia saa ngapi?

[20:04] Shabani: 12 jioni mpaka 12 asubuhi.

[20:06] Da Mwanaidi: Basi kuna saa za ziada, na kuna nyongeza ya usiku. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa inaongezwa asilimia 5. Walikuwa wanakulipa?

[20:07] Shabani: Asilimia 5 ipi tena dada?