Uwanja wa gofu kandokando ya mto wetu Moshi: zile mita 60 ni za wakulima wadogo tu?

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Huku tambarare ya chini ya Moshi, kando ya mto unaomwaga maji yake mto Kikuletwa, tingatinga limeshaingia kazini. Panajengwa uwanja wa gofu wa mashimo 18. Mikuyu iliyokuwa imeshika kingo imeng'olewa, udongo umesukumwa hadi ukingoni, na mvua ya juzi imeshusha tope lote kwenye banio la mfereji wetu. Tumezibua kwa majembe kutwa nzima, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kutupa pole. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu hapahapa Moshi, bado tunang'oa miti ya mtoni!

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka jana maofisa walipita na kamba, wakapima mita 60 kutoka ukingoni, wakawaamuru kina mama wang'oe mchicha na mnafu. Wakasomewa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: marufuku shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60. Wakang'oa, maana sheria ni sheria. Leo ndani ya mita hizohizo mwenye pesa anasawazisha ardhi kwa mashine na ile kamba haionekani. Bibi wa miaka sabini na tuta lake la mboga anaharibu mto, tingatinga haliharibu?

Kwenye mkutano wa kijiji tuliambiwa, "Hizi ni nyasi tu, si kiwanda." Haya, tuziongelee hizo nyasi. Pale kuzunguka shimo hukatwa zikabaki milimita tatu au nne. Nyasi iliyonyolewa hivyo ni dhaifu, inashikwa na ukungu upesi, kwa hiyo inapigwa dawa ya ukungu, dawa ya magugu, dawa ya wadudu, na juu yake mbolea ya nitrojeni na fosforasi. Masika ikishuka, sehemu ya vyote hivyo inaingia mtoni. Mbolea inanenepesha mwani, mwani ukioza unamaliza oksijeni, samaki wanakufa. Na maji haya hayaishii kwetu. Yanafuata Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna familia zinazoishi kwa kuvua perege.

Sasa maji yenyewe. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000, mkulima yeyote wa umwagiliaji anaweza kupiga hiyo hesabu. Nyasi kwenye jua letu la kiangazi inahitaji kama milimita nne kwa siku. Wakimwagilia hekta 30 tu, hiyo ni lita milioni 1.2 kila siku, yaani ndoo 60,000 za lita ishirini. Januari na Februari sisi tunagawana maji kwa zamu, wengine zamu yao inaangukia saa nane usiku, na bado watu wanashikiana majembe kwenye mfereji. Hizo ndoo 60,000 zitatoka kwenye zamu ya nani?

Najua kuna watakaokuja na hoja ya ajira. Sizipuuzi, vijana wetu wanazihitaji. Lakini mpunga, nyanya na mahindi ya huku chini ni ajira pia, na zilikuwepo kabla ya mwekezaji. Kama kweli anataka kujenga, arudi nyuma ya mita 60, apande upya miti ya asili ukingoni, na nyasi zake azimwagilie majitaka yaliyosafishwa badala ya maji ya mto.

Tunachodai kwa sasa ni karatasi mbili: cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, ambacho kisheria kinatangulia ujenzi, na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Sisi kikundi cha mfereji tulidaiwa kibali, tukahangaika mpaka tukakipata. Mtendaji anasema vyote vipo, ila hajawahi kuvionyesha. Barua ya kuviomba kwa maandishi imeshaandikwa, sahihi zinakusanywa kwa katibu wa mfereji hadi Ijumaa, na nakala itapelekwa ofisi ya Bodi hapa Moshi na kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Mwenye shamba upande wa chini asisubiri kuambiwa na jirani, aje asaini. Na kama kuna mwanasheria humu anayejua namna ya kuomba zuio la ujenzi haraka, tafadhali atuelekeze.