Naomba ushauri: nachora Mlima Rungwe kwa sindano, kitambaa kinajikunja

Wakuu salaam, niko Tukuyu. Baada ya miaka ya kudarizi maua kwenye vitambaa vya makochi, sasa nachora kwa uzi Mlima Rungwe kama ninavyouona asubuhi, ukungu umeukaa kiunoni. Uzi wangu una nyuzi 6 ndani yake. Migomba naitia zote, ukungu natia 1 tu, na unapendeza mno.

Shida ni kilele. Nikibananisha mishono, kitambaa kinajikunja, na nikikitoa kwenye fremu hakinyooki hata kwa pasi. Nimeshafumua mara 3, matundu ya sindano yamebaki. Niweke kitambaa kingine kwa nyuma, au nilegeze mkono? Na giza la msitu mnalichanganyaje lisionekane kiraka?