Grupu la wakazi, Upanga: maji ya 3A

*Jumamosi*

05:52 Mama Rahma 2A: Asalaam aleykum majirani, samahani kwa kuwaamsha. [picha] Hii ni dari ya korido yangu. Juzi lilikuwa doa la ukubwa wa kisosi, leo ni sinia na jipsamu imeshuka tumbo. Maji yanadondoka tangu saa kumi na moja.

05:54 Joyce 3B: Waaleykum salaam. Mungu wangu, pole mama. Na hiyo taa pembeni?

05:54 Mama Rahma 2A: Inawaka. Inapepesa kidogo.

05:55 Injinia 1B: Mama Rahma usiguse swichi ya hiyo taa. Nenda kwenye boksi la breka uzime kule. Maji yanapenda kufuata bomba la nyaya mpaka kwenye holda.

05:59 Mama Rahma 2A: Nimezima ya taa. Ya friji nimeiacha.

06:00 Injinia 1B: Sawa. Sasa tega ndoo chini ya hilo tumbo, chukua bisibisi, toboa tundu dogo katikati.

06:00 Mama Rahma 2A: Nitoboe dari yangu mwenyewe???

06:01 Injinia 1B: Ndiyo mama. Ukiliacha, bodi nzima itakushukia na maji yake. Tundu tutaliziba.

06:13 Mama Rahma 2A: Nimetoboa. Yametoka nusu ndoo. Ya kijivu, yana povu.

06:14 Injinia 1B: Kama yana povu basi si bomba la maji safi. Ni maji taka ya mtu.

06:15 Mama Rahma 2A: Ya mtu gani tena, si ya juu yangu. Dada Eliza, hii ni mara ya tatu tangu Ramadhani. Nilikuja mlangoni kwa adabu, ukaniambia utamwita fundi.

06:31 Eliza 3A: Mama Rahma shikamoo. Fundi nilimwita, akapaka silikoni kona zote. [picha] Bafu langu hili hapa, kavu kama jangwa. Kila kitu kikitokea jengo hili ni 3A. Hata taka zikijaa ni 3A.

06:32 Joyce 3B: Taka ni kweli lakini 😂

06:32 Eliza 3A: Joyce nakuomba.

06:40 Mzee Salum (Mwenyekiti): Wanangu, asubuhi njema. Povu haliji na jina la mtu. Eliza, wasiliana na mwenye nyumba wako alete fundi leo. Mama Rahma, pole sana, ndoo usiitoe.

06:41 Eliza 3A: Shikamoo mzee. Sawa.

06:41 Mzee Salum (Mwenyekiti): Marahaba.

11:20 Eliza 3A: Fundi kaja. Kakaa dakika tano, kagonga gonga vigae kwa kisigino cha nyundo, anasema bafu zima livunjwe, lipakwe dawa ya kuzuia maji, vigae vipya. Laki nane na nusu. Anataka nusu leo.

11:24 Baba Kelvin 4A: Kwa kugonga tu? Huyo ana masikio ya popo.

11:47 Bw. Nassor (mwenye 3A): [ujumbe wa sauti, 1:12]

11:52 Joyce 3B: Kwa ambao hawana bando: Bwana Nassor anasalimia kutoka Muscat, hela si tatizo, tatizo ni kulipa laki nane kwa kubahatisha. Anauliza kama kuna mtu anaweza kumhakikishia maji yanapita wapi kabla nyundo haijaingia.

11:58 Injinia 1B: Yupo. Anauzwa dukani kwa Mpemba. Bluu ya kufulia.

11:58 Baba Kelvin 4A: 🤔

12:03 Injinia 1B: Sikilizeni. Ziba tundu la bafu kwa tambara, mwaga maji kina cha vidole viwili, koroga bluu, acha saa nzima. Kama sakafu inavuja, Mama Rahma atapata bluu chini. Isipotoka, tunahamia sinki. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, tusichanganye, la sivyo hatutajua kilichovuja ni kipi.

12:05 Mama Rahma 2A: Na dari yangu iwe ya bluu?

12:06 Injinia 1B: Mama, dari ile imeshakwenda. Bora itueleze kitu kabla hatujaitupa.

*Jumapili*

09:10 Eliza 3A: Bluu imeingia bafuni. Miguu yangu inafanana na ya maiti.

10:25 Mama Rahma 2A: Hakuna kitu. Pakavu.

10:26 Eliza 3A: 🙂

10:26 Mama Rahma 2A: Usicheke bado.

11:40 Eliza 3A: Sinki nalo nimejaza, nikaachia yote kwa mkupuo.

12:15 Mama Rahma 2A: Hakuna.

12:17 Joyce 3B: Basi itakuwa 4A. Maji yanashuka kwenye shafti ya mabomba yanapita kwa Eliza hadi kwako.

12:18 Baba Kelvin 4A: Nilijua tu litanifikia. Mimi wiki nzima nilikuwa Morogoro, nyumba nimefunga hadi valvu.

12:19 Joyce 3B: Nimeuliza tu jirani.

12:22 Mzee Salum (Mwenyekiti): Kama ni shafti, hiyo ni mali yetu sote na mfuko wa jengo ndio unalipa. Ile sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya 2008 ndiyo msingi wake: ya ndani ya mlango wako ni yako, ya pamoja ni ya wote. Kwa hiyo tusirushiane kabla hatujajua.

12:34 Mama Rahma 2A: Shikamooni, hapa ni Rahma, mama yuko jikoni. Bibi anasema niandike. Anasema maji hayaji mkioga. Yeye anakaa koridoni siku nzima, anasikia. Anasema kuna dude huko juu likitetemeka vikombe vya kabati vinagongana. Likinyamaza, yeye anavuta tasbihi mzunguko mmoja, haumaliziki, tone la kwanza linadondoka.

12:35 Joyce 3B: Rahma 😳

12:36 Eliza 3A: Mashine ya kufulia? Mbona iko stoo, si bafuni.

12:37 Injinia 1B: Mpira wake wa kutolea maji unaishia wapi?

12:38 Eliza 3A: Kuna kitundu cha sakafuni pale stoo. Nimeuchomeka humo.

12:38 Injinia 1B: Na jana alfajiri ulifua?

12:39 Eliza 3A: Saa kumi na nusu. Sare za watoto. Hiyo saa maji yana nguvu.

12:43 Injinia 1B: Shikamoo yangu mfikishieni bibi. Kile kitundu kiliwekwa kwa maji ya kudeki, yanayokwenda polepole. Mashine inasukuma kwa pampu. Yakishindwa kushuka yanapanda, yanapenya chini ya vigae, yanatembea juu ya slabu mpaka yapate upenyo. Upenyo wao ni tundu la taa ya Mama Rahma. Eliza, tia bluu kwenye mashine, usiweke nguo, iache itoe maji.

13:20 Eliza 3A: Inatoa sasa hivi.

13:21 Mama Rahma 2A: Vikombe vinagongana kweli 😅

13:27 Mama Rahma 2A: [picha]

13:27 Mama Rahma 2A: Bakuli jeupe la bibi. Mnaliona hilo tone?

13:28 Joyce 3B: BLUU!!!

13:28 Baba Kelvin 4A: Naomba radhi yangu kutoka 3B.

13:30 Joyce 3B: Radhi Baba Kelvin. Nitaleta maandazi.

13:36 Eliza 3A: Mama Rahma nisamehe. Kweli sikujua. Bafu nililipigania kwa sababu nilikuwa naliona kavu.

13:41 Mama Rahma 2A: Yameisha mwanangu. Na mimi nilikushikilia vibaya. Ila kufua saa kumi usiku, jamani.

*Jumanne*

16:05 Eliza 3A: Fundi mwingine kaja, wa Injinia. Kang'oa vigae viwili tu. [picha] Kile chombo cha kitundu hakikuwahi kuunganishwa na bomba, walikizungushia saruji tu. Na ndani kuna manyoya ya nguo yamejaa kama sufi ya mto. Kaunganisha upya, kasimamisha kipande cha bomba cha kuingizia mpira wa mashine. Elfu tisini na tano, vifaa ndani yake.

16:30 Bw. Nassor (mwenye 3A): Nimetuma. Dari ya Mama Rahma pia ni juu yangu, Eliza asidaiwe hata senti. Huo uzembe ulikuwepo kabla yake.

16:34 Mama Rahma 2A: Allah akubariki Bwana Nassor. Nipake rangi lini?

16:37 Injinia 1B: Usiharakishe. Bodi iliyolowa itolewe, slabu ipigwe upepo wiki tatu hivi. Ukipaka leo doa litarudi, utamlaumu tena Eliza bure. Na hiyo breka isirudishwe kabla fundi umeme hajabadilisha holda.

16:52 Eliza 3A: Mama Rahma, kesho saa nne nataka kujaribu mashine na mzigo kamili. Bibi atakuwepo?

16:58 Mama Rahma 2A: Anasema washa. Kiti ameshasogeza, na bakuli lipo.